Mbuyu wa Mpangaji

Ndugu msomaji, kama umekulia nchi hii na umewahi kushindwa jambo lolote, basi methali hii umeshaambiwa: hata mbuyu ulianza kama mchicha. Mimi nimeambiwa mpaka nimepoteza hesabu. Mwalimu wangu wa darasa aliniambia siku matokeo ya kidato cha nne yalipobandikwa, na divisheni yangu ikawa ile isiyohitaji kutajwa mbele za watu. Mama aliniambia jioni ya siku hiyohiyo, akiwa amekaa kwenye kigoda anachambua mchicha wa kweli. Hata konda mmoja wa Noah ziendazo Magugu, aliponiuliza nafanya kazi gani nami nikamjibu kwamba naandika riwaya, alinitazama toka juu hadi chini, akatabasamu kwa huruma, akasema: "Usijali kaka, hata mbuyu ulianza kama mchicha."

Sasa mtu unajiuliza. Hivi ni nani kati ya hawa wote aliyewahi kuuona huo mbuyu ukiwa mchicha? Mibuyu tunayoijua sisi tumeikuta. Baba zetu waliikuta, na babu zetu waliikuta. Imesimama tu, minene kama nyumba, matawi yake yamekaa kama mizizi iliyoelekezwa mbinguni. Wazee husema Mungu aliukasirikia mti huo kwa majivuno yake, akaung'oa na kuupanda kichwa chini. Mbuyu mchanga, unaotosha kushikwa kwa vidole viwili, nilikuwa sijauona mimi, wala sikuwa nimekutana na mtu aliyeuona. Nikajisemea moyoni, mtu anayetaka kuandika vitabu hawezi kuishi kwa methali ambayo hajaihakikisha. Ndipo nilipoamua kuotesha mbuyu nyumbani.

Nyumbani maana yake ni Maisaka, hapa mjini Babati, vyumba viwili vya kupanga katika nyumba ya wapangaji wanne, uwani mna bomba moja na choo kimoja. Mji wetu uko juu, zaidi ya mita 1,300 kutoka usawa wa bahari. Upande mmoja unalindwa na Mlima Kwaraa, upande mwingine kuna ziwa lenye viboko. Ni mji wa miembe, miparachichi na migrivea, na ikifika Juni ni mji wa makoti. Mbuyu haupendi makoti. Kuiona mibuyu lazima upande gari la kuelekea Arusha, uteremke hadi Magugu ambako joto linakupokea kabla hujashuka garini, upite mashamba ya mpunga, usogee mpaka Minjingu penye kiwanda cha mbolea. Huko ndiko inakoanza kujitokeza, mmoja hapa, mmoja kule. Ukiingia Hifadhi ya Taifa ya Tarangire, iliyoanzishwa mwaka 1970, ndipo utakapoelewa kwa nini wageni wanatoka Ulaya kuja kuupiga picha mti.

Bibi yangu mzaa mama anaishi kijiji kimoja pembeni ya Magugu. Mwezi Novemba 2022 nilimfuata. Baada ya shikamoo na habari za mjini, nikamweleza haja yangu. Bibi alicheka mpaka akafuta machozi kwa upindo wa khanga.

"Mjukuu wangu, mbuyu haupandwi. Mbuyu hupandwa na Mungu na tembo."

Nilidhani ni utani wa wazee, kumbe ni elimu. Tembo hula mabuyu, na nyani pia hula. Mbegu hupita tumboni, hulainishwa ganda lake kule ndani, kisha huangushwa mbali na mti mama zikiwa zimefungwa ndani ya kinyesi. Huyohuyo tembo akikosa maji wakati wa kiangazi huurudia mbuyu mkubwa na kuuchuna magome kwa pembe zake ili atafune nyuzi zenye unyevu. Anapanda na anabomoa. Zaidi ya nusu ya uzito wa mti ule ni maji. Ndiyo maana haufai kwa mbao wala kwa mkaa, na nadhani hiyo ndiyo bahati yake kubwa. Miti mingi ya bonde lile imeshapanda baiskeli za wachoma mkaa ikaja mjini ndani ya magunia. Mbuyu umebaki.

Bibi akanipa mabuyu matano ndani ya kiroba. Nikarudi nayo Babati nimeyapakata kama mayai.

Hapa lazima niseme jambo kwa wale wanaotaka kujaribu. Lugha yetu imeupangia mti huu vizuri: mbuyu ni mti, buyu ni tunda lake, na ubuyu ni ule ungaunga mweupe mchachu unaozizunguka mbegu. Ule ubuyu mwekundu wa Zanzibar na Dar es Salaam, wenye sukari, rangi na iliki, ni mtamu kweli, lakini mbegu zake zimeshapikwa motoni, kwa hiyo usitegemee ziote. Tafuta buyu zima, livunje kwa jiwe, loweka ubuyu kwenye maji, unywe juisi yako, kisha uoshe mbegu mpaka zing'ae. Zinafanana na maharage madogo ya rangi ya kahawia iliyokolea. Zitupe ndani ya bakuli la maji. Zinazoelea achana nazo, kwani nyingi ni tupu.

Kazi yenyewe ni ganda. Ganda la mbegu ya mbuyu ni gumu kama kifungo cha koti. Ukiifukia hivihivi inaweza kukaa ardhini mwaka mzima bila hata kukusalimu. Kwa kuwa mimi si tembo, ilinibidi nitafute njia nyingine. Nilizigawa mbegu 24 mafungu mawili. Fungu la kwanza nilizisugua moja moja kwenye sakafu ya saruji ya uwani, upande mmoja tu, mpaka weupe wa ndani ulipochungulia. Kazi hiyo ilinimalizia ngozi ya vidole. Fungu la pili nilizimwagia maji yaliyotoka kuchemka, nikayaacha yapoe yenyewe, mbegu zikalala humo usiku na mchana. Zilizovimba zilikuwa tayari.

Nikatafuta viriba vyeusi vya vitalu na makopo matupu ya rangi, nikayatoboa chini. Udongo nilichanganya sehemu mbili za mchanga na sehemu moja ya mboji, maana mbuyu unachukia kukaa na miguu ndani ya tope. Kila mbegu niliizamisha kina cha kama sentimita mbili. Nilipomaliza, mama akaja na ndoo kuukuu na gao la mbegu za mchicha.

"Kama unataka kuipima methali," akasema, "pima vyote viwili. Usipime mbuyu peke yake."

Mama yangu hakuvuka darasa la saba, lakini sijawahi kukutana na mwanasayansi anayemzidi.

Siku ya nne mchicha ulikuwa umetoka, mwekundumwekundu, umejaa ndoo nzima. Kwenye viriba kimya. Siku ya saba, kimya. Siku ya kumi nilianza kusikia wapangaji wenzetu wakiniuliza habari za kaburi langu. Siku ya kumi na moja, asubuhi na mapema, udongo wa kopo moja ulikuwa umepasuka, na shingo nene ya kijani imejikunja kama mtu anayejivuta kutoka shimoni. Niliita watu. Waliokuja ni mama na watoto wawili wa chumba cha tatu. Inatosha.

Katika majuma matatu zikaota mbegu tisa, sita za kusugua na tatu za maji ya moto. Nami nikaujua ukweli wa methali. Mbuyu mchanga haufanani na mchicha. Kwanza unatoa majani mawili mapana ya mwanzo, manene, yanayong'aa. Halafu yanafuata majani membamba, moja moja. Yale majani tunayoyajua ya vidole vitano hadi saba kama kiganja cha mkono, yaliyoupa mti jina la kitaalamu *digitata*, hayapo kabisa. Yanakuja baadaye, mti ukishakua. Hapo ndipo nilipofahamu kwa nini hakuna mtu anayeujua mtoto wa mbuyu. Anakutana naye porini, anamkanyaga, anapita. Hana sura ya baba yake.

Ile sehemu ya kwanza ya jina, *Adansonia*, inatokana na Mfaransa Michel Adanson aliyeiona miti hii Senegal mwaka 1749 akaiandika kwa kina. Watu wa Senegal walikuwa wameiona zamani, bila shaka, ila wao hawakuandika.

Juma la nne mama alivuna mchicha. Tukala siku mbili, mafungu mengine akayauza sokoni. Mbuyu ulikuwa na urefu wa kalamu. Kuku wa jirani walikuwa wamekula miche miwili, mmoja ulioza shina, na mmoja uling'olewa na watoto wa chumba cha tatu waliotaka kuona kuna nini chini. Sikuwapiga, maana nami nilitaka kuona. Chini kulikuwa na mzizi mnene mweupe uliovimba kama karoti, mrefu kuliko mche wenyewe. Juu kulikuwa na vijani vinne vya kuonewa huruma, chini kuna ghala. Kumbe muda wote ule tuliokuwa tunasema haukui, ulikuwa unakua mahali ambapo hatuna macho.

Maneno nayo yalikua. Mama wa chumba cha pili alimwambia mama yangu kwamba mbuyu ni makazi ya mashetani na kwamba nyumba yenye mbuyu haizai mtoto akatulia. Mama akamjibu kwamba shetani wa kuenea kwenye kopo la rangi hawezi kumtisha. Siku hizi vijana wa mjini ukiwaambia una ubuyu wanasogeza kiti, wakidhani una umbea. Mimi nilikuwa na ubuyu wa aina zote mbili.

Wakati huohuo nilikuwa natafuta kazi, kwa sababu riwaya hailipi kodi ya chumba. Katika ofisi moja ambayo sitaitaja, mzee mmoja aliipokea bahasha yangu, akaipima kwa mkono kama anayepima nyama, akaniambia kwa sauti ya chini: "Kijana, hapa huji moja kwa moja. Zunguka mbuyu kwanza." Msomaji anajua maana yake. Mimi nilitoka pale bila kazi, lakini njia nzima nilikuwa nacheka peke yangu. Mbuyu wangu mimi ungeweza kuzungukwa na sisimizi kwa dakika moja, na asingepata kitu nyuma yake.

Ikaja Juni 2023 na baridi yake. Miche mitano iliyobaki ikaanza kupukutisha majani, jani moja leo, jani moja kesho, mpaka pakabaki vijiti vitano vimesimama kwenye makopo. Wapangaji wakanipa pole kama watu waliofiwa. Nilikwangua gome la mmoja kwa ukucha, kidogo tu. Ndani kijani kibichi. Nikaacha kumwagilia, isipokuwa vijiko viwili vitatu kwa mwezi, maana mbuyu uliolala ukiunywesha unauozesha. Kwa miezi minne nilitunza vijiti. Mtu anayetunza vijiti ana muda mwingi wa kufikiri, na kaunta buku langu la kwanza la riwaya lilijaa miezi ile. Mwisho wa Oktoba, kabla mvua haijanyesha, vijiti vikachipua.

Mvua za mwisho wa mwaka huo wengi mnazikumbuka. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe viliteremka kutoka Mlima Hanang vikaifunika sehemu ya Katesh, na watu wengi wakapoteza maisha. Sisi Babati tulikuwa tunayaona magari ya misaada yakipita. Miche yangu niliihamishia barazani ili isizame, na kwa siku kadhaa sikuandika neno.

Mwezi Januari 2024 mizizi ilianza kutokeza kwenye matundu ya makopo. Mti ulikuwa unaomba ardhi. Nilikuwa nimeshaona mahali, kona ya uwani nyuma ya choo, mbali na ukuta, penye udongo mzuri. Mwenye nyumba alipokuja kuchukua kodi nilimwamkia, nikamwonyesha miche, nikamwomba ruhusa.

"Ni mti gani?"

"Mbuyu, mzee."

Alikaa kimya akiitazama ile miche kama mtu anayesoma hati ya mahakama.

"Kijana," akasema, "mpangaji hapandi mti wa kudumu. Panda mchicha."

Sitamsema vibaya mzee yule. Ana haki yake. Mizizi ya mbuyu haifai karibu na nyumba, na yeye amejenga kwa jasho. Tena kwa desturi zetu mti ni shahidi. Anayetaka kudai shamba husema: ule mwembe alipanda babu yangu. Watu wamefikishana mabaraza ya ardhi kwa ajili ya mwembe mmoja. Sasa huyu anataka kupanda mti unaoweza kuishi miaka elfu moja, katika uwanja ambao kodi yake inalipwa kwa miezi mitatu mitatu! Hata mimi ningekuwa na nyumba ningesita.

Lakini neno lile halikuishia kwangu. Mama alikuwa mlangoni, amelisikia. Usiku, taa imeshazimwa, nikajua kwamba hajalala.

"Miaka 14," akasema.

"Nini, mama?"

"Miaka 14 nipo hapa. Napanda mchicha."

Nilikosa la kumjibu. Nilianza jambo hili kama mchezo wa kupima methali, na sasa methali imegeuka imempima mama yangu. Kikoba chake anacheza kila wiki, kiwanja cha upande wa Singe anakisema tangu niko shule ya msingi, na kila fedha ikikaribia kutimia anaugua mtu, au anaingia shule mtu. Mtu huyo mara nyingi nilikuwa mimi.

Siku zile nilifikiria sana juu ya muda. Mbuyu kwa kawaida huchukua miaka 15, 20, na zaidi, kabla haujatoa ua la kwanza. Ua lenyewe ni jeupe, kubwa, linaning'inia kichwa chini, linafunguka magharibi na kuanguka siku inayofuata. Usiku huo mmoja ndio popo wanaokuja kunywa na kuchukua chavua. Wataalamu wanaeleza kwamba chavua ya mti uleule mara nyingi haifanyi kazi, ni lazima itoke mti mwingine. Maana yake anayepanda mbuyu mmoja peke yake anaweza kungoja miaka 20, apate ua, akose buyu. Panahitajika jirani.

Na mikubwa yenyewe haiko salama. Mwaka 2018 watafiti wakiongozwa na Adrian Patrut wa Romania walitangaza kwamba kati ya mibuyu 13 iliyokuwa mizee kuliko yote waliyoipima, tisa ilikuwa imekufa au sehemu zake za zamani zimeporomoka katika muda wa miaka kama 12. Mbuyu wa Panke wa Zimbabwe, uliokadiriwa umri wa karibu miaka 2,450, ulikufa kati ya mwaka 2010 na 2011. Wanahisi mabadiliko ya hali ya hewa yana mkono. Jirani zetu wa Kilifi, Kenya, nao waliingia kwenye habari mwezi uleule wa Novemba 2022 nilipokuwa nasugua mbegu. Mibuyu ya mashambani kwao ilikuwa imenunuliwa na kung'olewa kwa mashine ili isafirishwe hadi Georgia, nchi ya mbali kwenye Bahari Nyeusi, ikapambe bustani ya tajiri. Kelele zikawa nyingi, na Rais William Ruto akaagiza uchunguzi. Nilijiuliza, mkulima aliyeuza mbuyu wa shambani kwake aliuuza wa nani? Hakuupanda yeye. Na mimi ninayepanda, napanda wa nani?

Jibu nililipata kwa Shaaban Robert, si kwa maneno yake bali kwa tarehe zake. Alifariki mwaka 1962. *Utubora Mkulima*, kitabu chake kuhusu mtu aliyeacha kazi ya mjini akashika jembe, kilichapishwa mwaka 1968. Miaka sita mwandishi yuko kaburini ndipo kitabu kikatoka, na mimi nilikisoma nikiwa kidato cha pili, kimechanika jalada. Hakukishika mkononi. Aliandika tu.

Machi 2024, mvua za masika zilipoanza, nilibeba miche miwili hadi kwa bibi, mama tukiwa pamoja. Mmoja nilikuwa nimeupeleka shule moja ya msingi hapa mjini, mwingine nikampa mwenzake mama wa kikoba aliyeshapata kiwanja. Konda wa Noah alitaka kutoza nauli ya miche, nikamwambia huu ndio ule mchicha wako, akaitazama, akaacha.

Bibi alikwishasahau kicheko chake. Alizunguka shambani na fimbo yake kwa muda mrefu, akachagua kona ya juu ambapo maji hayatuami, mbali na nyumba. Tukachimba mashimo mawili, yakipishana hatua kama 15, upana na kina vya kutosha ule mzizi usikunjwe. Tukapasua viriba taratibu bila kuvunja udongo, tukafukia, tukazungushia miiba kwa sababu ya mbuzi. Kisha bibi akamtuma mtoto kumwita mwenyekiti wa kitongoji, na mjomba wangu, mwanawe mkubwa, ambaye ndiye anayelima shamba lile.

Walipofika bibi hakuwakaribisha hata viti.

"Mwenyekiti, unaona mibuyu hii? Ameipanda mwanangu huyu wa Babati. Kuanzia hapa hadi ule mgunga ni pake. Nasema nikiwa na akili zangu. Uandike."

Mama yangu aliinama akawa anachomachoma udongo kwa kijiti. Mjomba alitazama miche ile miwili, kila mmoja hauzidi goti, kisha akasema: "Lakini mama, mbuyu haupandwi."

"Huu umepandwa," bibi akasema.

Mwenyekiti aliandika kwenye daftari lake. Alitukumbusha kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inampa mwanamke haki ya kumiliki ardhi sawa na mwanamume, ila karatasi ya ukoo inahitaji sahihi za wanaukoo. Mjomba hakutia sahihi siku ile. Alisema anafikiri. Mpaka leo ninapoandika, miche ikiwa katika msimu wake wa tatu wa mvua, bado anafikiri. Lakini bibi ameniambia jambo moja kwa simu: mara mbili boma la miiba limebomolewa na mbuzi, na mara zote mbili aliyelirudishia ni mjomba. Hakutumwa na mtu.

Mche wa tano bado tunao Maisaka, ndani ya ndoo ileile ya mchicha. Utaishi humo miaka mingi, ila utabaki mfupi, kwa sababu mbuyu hukua kwa kadiri ya udongo uliopewa. Umeanza kutoa jani la vidole vitatu. Mimi niko sura ya tisa, kaunta buku la tatu, na sina mchapaji. Kama wewe msomaji unataka mbegu, ninazo kwenye chupa kavu. Zinadumu miaka, zisugue tu.

Mama ameacha kuniambia ile methali. Juzi mteja mmoja sokoni alimuuliza anaishi wapi, nami nilikuwa pembeni nafunga mafungu.

"Nimepanga Maisaka," akajibu, akihesabu chenji. "Ila nina mibuyu miwili Magugu."